Allion au Sylphy: jibu la mama

Baraka mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na picha zote nimezifungua. Unauliza uchukue ipi kati ya Toyota Allion ya 2009 iliyoko yadi hapo Dodoma na Nissan Bluebird Sylphy ya mwaka uleule anayouza mwalimu mwenzio. Sylphy iko chini karibu milioni tatu, na hizo milioni tatu ndizo zinazokunyima usingizi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu kila nikitaja Nissan unanikatiza na maneno ya kijiweni: "Mama, Nissan ni pasua kichwa."

Nimekaa kwenye kaunta ya duka la spea tangu hujaanza shule. Watu hawaji dukani kunisimulia raha za magari yao. Wanakuja na kitu kilichovunjika, kimefungwa kwenye gazeti, kinavuja oili. Kwa hiyo ninayoyajua ni ya upande huo, na wewe nadhani ndiyo unayoyataka.

Magari haya mawili yalitengenezwa yagombanie mnunuzi mmoja. Yapime: upana wa yote mawili ni milimita 1695, na kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni milimita 2700. Sababu ya upana kulingana ni kwamba Japani gari la abiria likizidi mita 1.7 linapanda daraja la usajili, basi kila kampuni ikaishia hapohapo mpakani. Sylphy ni ndefu kidogo na imeinuka paa kidogo; baba yako akikaa nyuma atashukuru. Allion nayo viti vyake vya nyuma vinalala, ukitaka kubeba godoro unabeba. Kwa nafasi hutapata sababu ya kukataa hata moja.

Ushindani wenyewe ni wa zamani kuliko mimi na baba yako tulivyooana. Mwaka 1966 Nissan walitoa Sunny yenye injini ya sisi (cc) 1000 mwezi wa nne, na kabla mwaka haujaisha Toyota wakatoa Corolla ya sisi 1100, wakatangaza kwa majigambo zile sisi 100 za ziada. Na hiyo Bluebird wanayoicheka wenzio, babu yake ni Datsun 1600 SSS (Datsun ni jina walilokuwa wakitumia Nissan) iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1970, kwenye matope na vumbi la huku kwetu. Babu yako alikuwa akilisikia jina Datsun anakaa sawa kwenye kiti. Sasa mtu aniambie Nissan haziwezi barabara zetu!

Lakini hununui babu wa gari. Unanunua gia boksi, na hapo ndipo ninapotaka utulie unisikilize.

Sylphy za umbo hilo zina injini za aina mbili. Ipo ya sisi 1500, HR15, ambayo gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne. Ipo ya sisi 2000, MR20, na hiyo imefungwa CVT, yaani gia boksi ya mkanda. Wauzaji wengi watakwambia "Sylphy ni Sylphy". Siyo kweli. Kuza ile picha ya kibati uliyonitumia: namba ya chesisi imeanza na KG11. Ya 1500 ingeanza na G11 tupu, au NG11 kama inavuta kwa matairi yote manne. Kwa hiyo gari la mwenzio ni la sisi 2000, lenye CVT. Hata Marekani, ambako magari yanafanyiwa huduma kwa kitabu, Nissan walilazimika kurefusha dhamana ya gia boksi za CVT kwa magari ya mwaka 2003 hadi 2010, mpaka miaka 10 au maili 120,000. Kampuni hairefushi dhamana kwa ukarimu.

CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazobana na kuachia, na kinachobana ni presha ya oili. Oili ikichoka, ikichemka, au ikiwa siyo yake, mkanda unateleza na kuikwangua puli. Hiyo ya Sylphy inataka oili inayoitwa NS-2. Sasa nenda gereji za mtaani uone: fundi anachukua haidroliki nyekundu ileile anayoweka kwenye Mark II, anamimina, gari linatembea vizuri, kila mtu anafurahi. Baada ya miezi mwenye gari anakuja dukani kwangu kuuliza gia boksi ya mtumba. Na wewe kila likizo unapeleka familia Babati kwa wakwe, umejaza mizigo, unapandisha milima baada ya Kondoa juani. Hiyo ndiyo kazi ambayo CVT iliyochoka haiipendi hata kidogo.

Usishangilie bado. Allion yako nayo ina CVT. Ndiyo, Toyota! Hilo vijana wa kijiweni hawakulijua. Toka umbo hili jipya lilipoanza mwaka 2007, nayo inataka oili maalumu ya CVT ya Toyota, na ukiiwekea ya kubahatisha itakufia vilevile. Tofauti ni kwamba imebeba injini ndogo ya sisi 1500, haisukumwi sana, na ikikorofisha mafundi wameshaizoea. Ile injini, 1NZ, ndiyo iliyomo kwenye Spacio, Raum, Probox, Fielder na nyingine nyingi. Koili ya plagi, pampu ya maji, mauntini, vyote vipo hata Kibaigwa. Vya HR15 navyo vipo, kwa sababu ya Tiida, Note na Wingroad, ila Dodoma mara nyingine utasubiri vipakiwe kwenye basi kutoka maduka ya spea ya Gerezani, Dar. Vya MR20 ninavyo vichache mno dukani, na sina mpango wa kuviongeza.

Kuhusu hilo la "pasua kichwa", nikwambie kilichotokea kaunta kwangu. Kijana alikuja na throto ya Nissan mkononi, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, kaing'oa nzima, anataka nyingine kwa sababu gari lilisafishwa throto na tangu hapo linanguruma peke yake likiwa limesimama. Ile throto ilikuwa nzima kabisa, inang'aa. Nissan za kizazi hicho ukisafisha throto inabidi kompyuta ya gari ifundishwe upya kiwango cha hewa, kazi ya mashine ya kupimia, dakika chache tu. Fundi wake hakujua, akasema injini imekufa. Nilimrudisha na throto yake bila kumuuzia kitu. Baba yako alinisema wiki nzima! Sifa mbaya ya Nissan hapa nchini nusu yake ni ya namna hiyo.

Kwa hiyo ungeniletea Sylphy ya G11, ya 1500, yenye historia safi, na ukaniambia unataka gari la kukaa nalo mpaka litoke kutu, ningekwambia chukua, na hizo milioni tatu zikaezeke ile nyumba. Lakini umeniambia mwenyewe unataka kuliuza baada ya miaka mitatu hivi, ukimaliza kujenga, upate la juu kidogo. Hapo hesabu inageuka. Allion ukiitangaza asubuhi, jioni madalali wanagombania. Sylphy utaipiga picha, utaipunguza bei, utaiosha, utaipunguza tena. Milioni tatu unayookoa leo anayeichukua ni mnunuzi wako wa kesho, na riba juu.

Chukua Allion. Ila usimlipe mwenye yadi bei anayoitaka. Mwambie kuna Sylphy ya sisi 2000 umeshaikagua na iko chini kwa kiasi hicho, kisha nyamaza. Yeye hajui kama mama yako ameikataa.

Kabla ya hela kutoka: hakikisha chesisi ni NZT260, na isomeke hivyohivyo kwenye kadi. Wakikubadilishia wakuletee Allion ya umbo la zamani ya sisi 2000, yenye maandishi ya D-4 juu ya injini, ondoka. Hiyo mafundi wengi wanaikimbia kwa mfumo wake wa mafuta. Nenda saa moja asubuhi, uguse boneti iwe baridi, maana gari lililopashwa moto kabla hujafika linaficha mengi. Liwashwe ukiwa umesimama mbele yake, usikilize kama taimingi cheni inagonga. Kanyaga breki, peleka kwenye D, kisha R; likishtuka au likichelewa kushika, hilo ni gia boksi linaongea. Liendeshe mpaka lipate joto, tafuta mlima, pandisha taratibu. Kata usukani wote kushoto na kulia ukienda polepole. Mlio wa ka-ka-ka ni ekseli. Fungua mfuniko wa rejeta likiwa limepoa: ukikuta maji ya kutu badala ya kulanti, jua mwenye gari alikuwa bahili na kwingine pia. Inua zulia la buti uangalie kama bati limenyooshwa.

Kilometa za kwenye dashibodi usizijali sana, zinachezewa. Angalia pedali ya breki na ngozi ya usukani. Halafu angalia madeni ya faini za trafiki na maegesho kwa namba ya gari, na usiondoke bila karatasi za kubadilisha umiliki TRA, hata wakikwambia "tutamalizia wiki ijayo".

Nimeshaongea na yule fundi wa Area C anayenunua spea kwangu. Jumamosi atakuja na mashine yake, umpe nauli tu. Oili ya CVT nitaipakia kwenye basi la Ijumaa, makopo manne, mwambie aimwage ya zamani yote hata kama inaonekana nzuri.

Bima weka kubwa, siyo ndogo. Nusu ya hela hiyo nitaitoa mimi, ila dada yako asijue, maana ataniuliza ya kwake iko wapi.

Msalimie mkwe wangu na mtoto.

Mama yako