Diski ya inchi 7 kwenye grainda ndogo

Kijana wangu aliingia ofisini ameshika shavu. Damu hakuna, mkwaruzo tu. "Bosi, diski imepasuka." Ni diski ya grainda, ile mashine ya kukatia na kusagia chuma. Kipande chake tulikikuta kimenasa kwenye ubao wa kibanda, usawa wa kichwa cha mtu.

Nikampa pole, nikamwambia avae miwani, kazi ya mageti ikaendelea. Nilikosea. Jioni ndiyo nikaenda kuiangalia ile grainda: kava la kukinga diski halipo. Kumbe diski ya inchi 7 ikishalika kwenye grainda kubwa hawaitupi, wanaihamishia kwenye ndogo, na haiingii mpaka kava litolewe. Nikauliza kwa ukali nani kawafundisha. Wakatazamana. "Si wewe, bosi? Ulisema diski ni ghali."

Soma maandishi ya diski yenyewe: ya inchi 7 mwisho wake ni mizunguko kama 8,500 kwa dakika. Grainda ndogo nyingi zinakwenda hadi 11,000.

Tangu siku hiyo natafuta vihatarishi kazi ikiwa imepamba moto, siyo asubuhi karakana ikiwa imefagiwa. Na siulizi "kuna hatari gani hapa?" maana jibu ni moja, "hakuna, bosi." Nauliza, "Mara ya mwisho umenusurika lini?" Hapo utakaa nusu saa unasikiliza. Waya wa mashine ya kuchomelea ulichubuka tangu masika, kila mtu anauruka, mimi peke yangu ndiye sikuwa na habari.

Yote naandika kwenye kaunta buku. Kila jambo nalipatia alama mbili, 1 hadi 5: uwezekano wa kutokea, na ukubwa wa madhara likitokea. Nazidisha. Waya uliochubuka unaopita kwenye maji ulipata 4 mara 5, yaani 20, ukashughulikiwa siku hiyo hiyo. Usibishane sana na hesabu, kazi yake ni kupanga foleni tu. Ila usishushe alama kwa sababu "haijawahi kutokea". (Watu wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija, tathmini iliyoandikwa inakusaidia kuliko maneno.)

Kwenye kutibu, sisi mabosi tunakimbilia miwani na glavu kwa kuwa ni rahisi kununua. Vinahitajika, lakini anza kwa kuondoa hatari yenyewe. Siku hizi diski kubwa ikilika naikata vipande kwa koleo, mwenyewe, mbele yao. Inauma mfukoni.

Juzi mteja kaleta pipa lililokuwa na petroli, anataka likatwe. "Tupu kabisa hilo, fundi." Tupu ndilo baya: mvuke umebaki ndani, unangoja cheche. Kabla sijanyanyuka, yule kijana wa shavu alishamwambia hapa halikatwi. Mteja akalipakia kwenye bajaji, akaenda karakana ya jirani. Nikamfuata mbio kumwonya jirani.