Jasho la usiku na kuhema kwa mama wa miaka 49: msikimbilie kusema ni kukoma hedhi

Umeuliza kuhusu mama yako aliyeko Urambo. Ana miaka 49, usiku jasho linalowesha kanga na shuka, mchana akibeba ndoo anahema mpaka aitue njiani. Ameshameza mseto, dawa ya malaria, mara tatu tangu Agosti, na majirani wanasema ni kukoma hedhi, yatapita yenyewe. Mdogo wangu, mfikishie shikamoo kwanza. Wagonjwa wa namna hii ndio ninaowaona kazini kila wiki hapa Tabora, na nitaandika kirefu kwa sababu wanawake wa umri huu wanapotezewa muda sana.

Cha kwanza, tenganisheni jasho na pumzi. Kukoma hedhi kunaeleza jasho vizuri. Hakuelezi kwa nini mtu ashindwe na ndoo moja ya maji. Joto la ukomo huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, moyo ukadunda, jasho likamwagika, na baada ya dakika chache limekwisha, pengine na baridi juu yake. Linamkuta hata akiwa amekaa anachambua mchele. Anaweza kuhisi hewa haitoshi wakati huo, lakini joto likiondoka na pumzi inarudi. Kuhema kunakoletwa na kutembea, kufua au kutwanga, na kunakotulia akipumzika, hiyo ni habari ya damu, moyo au mapafu mpaka vipimo viseme vingine. Na mambo mawili yanaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja: ukomo kweli upo, na chini yake kuna ugonjwa umejificha.

Kabla ya yote, haya hayasubiri asubuhi: kubanwa kifua, taya, mgongo au mkono pamoja na kijasho chembamba cha baridi, kuhema mpaka hawezi kumaliza sentensi, midomo kuwa ya bluu, kuzimia, kuhema ghafla huku mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu (hapo damu inaweza kuwa imeganda mguuni na bonge likakimbilia kwenye mapafu). Mwanamke anaweza kupata shambulio la moyo bila yale maumivu makali ya kifua tunayoyasikia kwa wanaume. Anatokwa jasho, anasikia kichefuchefu, anaishiwa nguvu, na watu wanampa dawa ya vidonda vya tumbo. Akiwa hivyo, tafuteni usafiri wa hospitali, siyo duka la dawa.

Kama hayo hayapo, anzeni na damu. Kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu kwa mama yako, ningechagua HB, kile cha kupima wingi wa damu (hemoglobini). Miaka ya mwisho ya hedhi ndiyo ambayo kwa wengi hutoka ovyo: miezi miwili hakuna kitu, kisha inakuja siku kumi na mabonge. Uvimbe kwenye kizazi, ile fibroidi, nao unasumbua sana umri huu. Mwanamke anasema "ni kawaida yangu" kwa sababu imeongezeka kidogo kidogo. Muulize kwa vitu vinavyohesabika: anabadilisha pedi au kitambaa kila baada ya muda gani? Kama inalowa ndani ya saa moja au mbili, kama inapita siku saba, kama kuna mabonge makubwa, hiyo ni nyingi. Na kama alishakaa miezi 12 bila hedhi kisha damu ikaonekana tena, hata tone, hiyo haiitwi hedhi tena. Aende akachunguzwe kizazi na mlango wa kizazi, kwa sababu saratani ni mojawapo ya sababu.

Mpelekeni mlangoni penye mwanga wa mchana, vuteni kope la chini taratibu, mwangalie ile nyama ya ndani. Inatakiwa iwe nyekundu. Ikiwa nyeupe au ya pinki iliyofifia kama viganja vyake, damu imepungua sana. Muulize pia kama anakula udongo au pemba (ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni), au anatamani mchele mbichi. Wengi wanaficha, na ni dalili ya upungufu wa madini chuma. Kwa mwanamke asiye mjamzito HB inatakiwa kuwa 12 (gramu kwa desilita ya damu) na kuendelea. Chini ya 8 ni upungufu mkali. Ikishuka polepole mwili unazoea, ndiyo maana utamkuta mtu mwenye 6 bado anakwenda shamba. Moyo unalazimika kwenda mbio kufidia damu iliyo hafifu, naye anahema, anachoka, moyo unadunda.

Rozela na matembele ni chakula kizuri, lakini havitaitoa HB kwenye 7 na kuifikisha 12. Vidonge vya madini chuma ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, na vinaharibiwa na namna ya kumeza. Kidonge cha 200 mg cha ferasi salfeti kina takriban 65 mg za chuma chenyewe. Kimoja kwa siku kinatosha wengi, na kikimchafua tumbo ameze siku moja na kuruka moja. Ameze na maji au chungwa, saa mbili mbali na chai, maziwa na dawa za kiungulia. Chai ya rangi ndiyo adui mkubwa, maana kwetu kidonge na kikombe vinakwenda pamoja asubuhi. Choo kitakuwa cheusi, asiogope. Baada ya wiki nne HB ipimwe tena: inatakiwa iwe imepanda gramu 1 hadi 2. Isipopanda, ama hamezi, ama damu bado inatoka, ama kuna minyoo ya safura inayonyonya (albendazole 400 mg mara moja), ama tatizo siyo chuma. Hapo kipimo cha FBP, kile cha picha nzima ya damu, kinaonyesha kama chembe ni ndogo au kubwa, na njia inajulikana. HB ikishakuwa sawa aendelee na vidonge miezi mitatu mingine, akiba ya mwili ijae. Wengi wanaacha wiki ya tatu kwa sababu wamepata nafuu, na mwakani wanarudi vilevile.

Sasa ule mseto mara tatu. Mkoa wetu na Kigoma ni mikoa yenye malaria nyingi, sibishani na kupima. Ninachobisha ni kurudia dawa kwa kipimo kilekile. Kipimo cha haraka cha tone la damu kinatafuta protini ya vimelea, na hiyo protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ukipima siku ya 14 baada ya mseto kinaweza kusoma chanya wakati hakuna malaria tena. Akihisiwa tena mapema hivyo, aombe damu iangaliwe kwenye darubini. Na muwe na kipimajoto nyumbani: joto la ukomo halimfikishi mtu 38. Kama usiku anapolowa jasho kipimajoto kinasoma 38 au zaidi, ni homa, itafutwe chanzo chake. Zile karatasi za "malaria mbili na taifodi" pia ziangalieni kwa makini. Kipimo cha Widali, kile cha damu cha kutafuta taifodi, kikifanywa mara moja tu kinaonyesha kingamwili ambazo mtu anaweza kuwa nazo tangu zamani. Mwanamke anamaliza dozi ya antibiotiki, jasho liko palepale, na mwezi mwingine umekwenda.

Jasho la usiku pamoja na kukonda, homa za jioni au kikohozi cha wiki mbili na zaidi ni kifua kikuu mpaka makohozi yapimwe. Kupima na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali, matibabu ya kawaida ni miezi 6. Apime na VVU siku hiyohiyo, umri wa miaka 49 haumtoi mtu kwenye hesabu hiyo.

Tezi ya shingo inasahaulika mno, na huku kwetu magharibi haifai kusahaulika. Goita zilikuwa nyingi, hasa Kigoma, kwa kukosa madini joto kwenye chakula. Mwanamke aliyeishi na goita yenye mabonge kwa miaka anaweza kufika umri huu tezi ikaanza kuzalisha homoni kupita kiasi, hata pale anapoanza kupata madini joto ya kutosha. Hiyo siyo sababu ya kuacha chumvi yenye madini joto. Ni sababu ya kupima. Dalili zake zinafanana na ukomo kiasi cha kumdanganya yeyote: jasho, joto, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, hasira za karibu. Tofauti ni kwamba huyu anakula vizuri na anakonda, na mapigo yake yako juu hata akiwa ametulia. Akae dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Zaidi ya 100 siyo kawaida. Mwambie anyooshe mikono mbele, mlaze karatasi juu ya vidole: ikitetemeka, ongezeni shaka. Kipimo ni cha damu, TSH, yaani homoni inayoiamuru tezi. Kama kituo chenu hakina, ombeni rufaa hospitali ya mkoa: ninyi Kitete, walio Kigoma Maweni.

Upande wa moyo, ulizeni anatumia mito mingapi kulala. Mtu anayehitaji miwili au mitatu, au anayeshtuka usiku wa manane akitafuta hewa na kuketi dirishani, moyo wake huenda umeshindwa kusukuma damu vizuri, kile watu wanachokiita moyo mkubwa. Bonyeza kwa dole gumba juu ya mfupa wa mguu sekunde kumi: shimo likibaki, kuna maji. Presha ya miaka isiyotibiwa ndiyo chanzo cha kawaida. Ipimwe ameketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi siyo juu ya sweta, na asiongee. Mara mbili, kwa siku tofauti. 140/90 na kuendelea ni presha. Msimnunulie dawa za kukojoza dukani, na diklofenaki za maumivu ya mgongo aziache mpaka aonwe, kwa sababu zinashikilia maji na kupandisha presha.

Kama anatumia glibenklamaidi au insulini ya kisukari, jasho la baridi na kutetemeka kunaweza kuwa sukari imeshuka, hasa akichelewa kula. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 4 (mmol/L) apewe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, ipimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale.

Kwa kuwa ni Urambo, kunakolimwa tumbaku, lazima niulize kuhusu zao hilo. Majani mabichi yenye umande au mvua yanaachia nikotini, inapenya kwenye ngozi, na anayevuna au kufunga majani anaweza kupata kichefuchefu, kizunguzungu, jasho na kuhema saa chache baadaye. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo angalieni kalenda: dalili zinakuja siku za kuvuna tu? Asubiri umande ukauke, avae mikono mirefu na glavu, abadilishe nguo zilizolowa, aoge na sabuni. Dawa za wadudu ni hatari zaidi. Jasho, mate na machozi kwa wingi, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kukoroma: vueni nguo, mwosheni, kimbizeni hospitali na chupa ya dawa ili wajue sumu gani. Na moshi wa kuni, wa jikoni na wa mabani ya kukaushia tumbaku, ukivutwa miaka mingi unaziba njia za hewa hata kwa mtu asiyevuta sigara.

Hofu kali nayo huleta jasho na kuhema: inafika kileleni ndani ya dakika kumi, vidole na midomo vinakufa ganzi. Ipo, na inatibika. Isiwe jibu la kwanza la mtu ambaye hajapimwa HB.

Hayo yote yakiwa safi, ndipo tuseme ni ukomo. Apunguze pilipili, pombe na chai ya moto jioni, alale na nguo ya pamba. Vidonge vya homoni vipo na vinasaidia, ila aandikiwe na daktari baada ya kuangalia presha, matiti na historia ya damu kuganda, na mwanamke ambaye kizazi chake hakijaondolewa hapewi homoni ya estrojeni peke yake.

Wiki hii andikeni kwenye daftari: saa, alikuwa anafanya nini, ilidumu dakika ngapi, mapigo mangapi, kipimajoto kilisema nini, na siku za damu. Aende na daftari hilo na pakiti za dawa zote anazomeza, za mitishamba pia. Mkipata HB na presha, ziandike hapa kwa tarakimu zake, siyo "damu imepungua kidogo", nikuambie kipi kifuate.