Nyumba ya Kiarabu au ya Kihindi? Na lipu inayobanduka

SWALI: Tuna nyumba ya ukoo Mji Mkongwe, Unguja. Wazee wanasema ni ya Kiarabu. Fundi anasema ni ya Kihindi kwa sababu ya roshani. Tumwamini nani? Pili, lipu ya simenti tuliyopiga ukuta wa chini imeanza kutoa chumvi na kubanduka. Tupige nyingine nzito?

JIBU: Roshani haithibitishi kitu, kwani nyingi zilipachikwa baadaye kwenye nyumba kongwe. Mlango nao ni shahidi dhaifu. Kweli, kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa zamani wa Kiomani, na chenye tao lililojaa nakshi za majani kilienea na mafundi wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, lakini milango huuzwa na kuhamishwa.

Tazameni mpangilio. Nyumba ya Kiomani imeupa mtaa kisogo: ukuta mtupu, daka (ukumbi mdogo wa mlangoni), kisha ua ulio wazi juu na vyumba kuuzunguka. Ya Kihindi huanza na duka lenye mlango wa mbao wa kukunja, na wenyewe hukaa orofani. Mkikuta duka mbele na ua nyuma, huenda ni nyumba ya Kiarabu iliyotobolewa ukuta ikafanywa duka, na hapo wazee na fundi wote wana haki.

Pimeni pia upana wa vyumba. Boriti ya mkoko hubeba karibu mita 2.5 hadi 3, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Kuba na matao pekee yasiwahadae: Makumbusho ya Amani ya hapo Unguja, yaliyofunguliwa 1925, yana sura ya Kiarabu kabisa, na aliyeyachora ni Mwingereza, John Sinclair.

Lipu nzito zaidi itaharibu zaidi. Ukuta wenu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua. Simenti huyafungia ndani. Maji hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na unyevu ukifika kwenye ncha za boriti, huoza. Zichomeni kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye keki, boriti ibadilishwe kabla ya lipu.

Kwanza zibeni matundu ya mifereji na mabati yanayovuja, na mpate kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Bandueni simenti kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine hupasua matumbawe. Acheni ukuta ukauke msimu mzima wa kiangazi. Changanyeni ndoo 1 ya chokaa iliyolowekwa kwa wiki kadhaa na ndoo 3 za mchanga safi, kamwe si wa pwani, maana mtakuwa mnarudisha chumvi ileile. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka lisilozidi milimita 10, na subirini lishike kabla ya la pili.

Wengi hukosea hapa: wanaliacha juani. Chokaa ikikauka upesi haishiki, hubaki unga unaotoka kwa kidole. Tundikeni magunia mabichi mbele ya ukuta na kuyalowesha kila siku kwa wiki nzima. Mwisho pakeni chokaa nyepesi mara 3 au 4. Rangi ya mafuta au ya plastiki hapana, hata mkipewa bure. Nayo huziba kama simenti.