Eti korti ya jeshi ndo fasta?

Kaka unasema magaidi wapelekwe korti ya jeshi ili haki ipatikane fasta, haya angalia Guantanamo basi, lile gereza la jeshi la Marekani kule Cuba. Khalid Sheikh Mohammed, anayedaiwa kupanga mashambulizi ya Marekani ya 2001, alikamatwa 2003, tume ya kijeshi, yaani hiyohiyo korti ya jeshi, ikamsomea mashtaka ya Septemba 11 mwaka 2008, wakaanza upya 2012, na miaka yote hiyo wanabishana tu kama ushahidi uliotokana na mateso ya CIA, majasusi wa Marekani, unafaa au haufai. Hiyo fasta iko wapi sasa? Mi sitetei gaidi, wa mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar 1998 waliua watu zaidi ya 200 na wengi walikuwa Wakenya wa kawaida kabisa. Ila Ghailani, yule wa Zanzibar aliyeshtakiwa kwa mabomu hayohayo, alitolewa hukohuko Guantanamo 2009 akapelekwa korti ya kiraia New York, jaji akamkataa shahidi muhimu maana jina la shahidi huyo Ghailani alilitoa kwa kubanwa na CIA, juri ikamfutia mashtaka zaidi ya 280 ikabakiza moja, watu wakapiga kelele weee kaachiwa huyo, kumbe hilohilo moja likampa kifungo cha maisha Januari 2011 na rufaa akashindwa.