Tilapia wa ukingoni Goma: usitupe mbali

Ziwa Kivu halilipi nguvu za mkono. Huku Goma ukingo unashuka ghafla: hatua chache kutoka kwenye jiwe ulilokalia maji yana mita 5, mbele kidogo 10, halafu chini huoni tena. Katikati kina kinakaribia mita 485, na maji ya chini yamejaa kaboni dioksidi na methani, oksijeni hakuna. Tilapia hana kazi huko. Yeye anatafuta ukoga wa mawe (mwani), wadudu na mabaki, kwa hiyo anabaki kwenye mkanda mwembamba unaofuata ukingo, pale mwanga wa jua unapofika chini. Anayetupa mita 30 ametupa kwenye maji ya sambaza, yaani dagaa wa Kivu, na sambaza havuliwi kwa ndoano. Huyo waachie vijana wa makipe, yaani timu za wavuvi wa usiku, na taa zao na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja.

Shida ni kwamba mkanda huohuo ndio unaochotwa maji, unaofuliwa nguo, unaoogelewa na watoto, na usiku kuna wanaoukokota kwa chandarua. Tilapia wenye haraka walishaliwa zamani. Waliobaki wanajua kishindo cha mguu juu ya jiwe, wanajua kivuli, na wanajua uzi mnene. Bado wapo, na wengine wana mwili, lakini hawachukui chambo kilichoning'inizwa kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Basi punguza kila kitu. Ufito wa mwanzi wa mita 3.5 hadi 4.5 unatosha kabisa, na kwa kazi hii unashinda mulineti (kigurudumu cha kukunjia uzi), kwa sababu unashusha chambo kimya mahali unapotaka badala ya kukirusha. Uzi mkuu uwe wa milimita 0.22 au 0.25, urefu sawa na ufito au pungufu kidogo. Mwishoni funga kipande cha sentimita 50 cha uzi wa 0.16 au 0.18. Huo wa 0.16 unabeba takriban kilo 2 ukiwa mzima, na tilapia wa nusu kilo hataukata. Atakayeukata ni jiwe. Ndoano namba 12, au 10 kama unatumia nyungunyungu. Kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua. Ndoano nyingi zinazouzwa mtaani ni kubwa mno kwa mdomo wa tilapia wa ukingoni: anaramba chambo pembeni, anakimaliza, na wewe unasema leo hawali. Jaribu ncha kwenye ukucha. Ikiteleza bila kukwama, inoe kwa jiwe laini au itupe.

Boya ndilo linaloharibu siku za watu wengi. Tilapia hamezi kama kambale. Ananyonya, anaonja, akihisi uzito anatema. Kizibo kizima cha chupa kinamvuta mdomo kabla hujaona kitu. Chukua kandambili lililochakaa, kata kijiti cha sponji chenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 2 au 3, toboa katikati kwa sindano, pitisha uzi, kisha ubane kwa kipande cha njiti ya kiberiti. Chubwi iwe nati ndogo ya milimita 4, ambayo haifiki gramu 1, sentimita 25 juu ya ndoano. Jaribu kwanza kwenye beseni nyumbani. Boya lisimame, na juu ya maji ibaki nusu sentimita tu. Likielea limelala, ongeza uzito. Likizama, kata sponji kubwa zaidi. Kazi ya dakika kumi hii inabadilisha mambo kuliko ndoano ya bei.

Kabla ya kuweka chambo, pima kina. Funga msumari kwenye ndoano, shusha pale unapotaka kuvua. Boya likizama, sukuma boya juu kwenye uzi. Likilala, lirudishe chini. Ukishapata kina kamili, punguza kama kiganja kimoja ili chambo kining'inie juu ya mawe bila kuyagusa. Pima sehemu tatu au nne sambamba na ukingo, kushoto na kulia kwako. Mara nyingi utakuta ngazi: mita 1, halafu mita 1.5, kisha shimo. Weka chambo kwenye ukingo wa ngazi, kwenye mita 1 hadi 2 asubuhi, na mita 2.5 hadi 4 jua likishakuwa kali.

Sasa mawe yenyewe. Lava iliyofika ziwani mwaka 2002 kutoka Nyiragongo, na ile ya zamani zaidi chini yake, ina matundu na ncha zinazokata kama kioo. Ndoano ikikwama, usivute juu kwa hasira. Legeza uzi kabisa, tembea upande wa pili wa mahali ilipokwama, vuta taratibu ufito ukiwa chini. Nusu ya mara itatoka, kwa sababu iliingia kwa upande mmoja na inatoka kwa mwingine. Ikikataa, zungusha uzi kwenye kijiti ndipo ukate. Nailoni ikizungushwa kwenye kidole inapasua nyama. Baada ya kila kukwama, pitisha zile sentimita 50 za mwisho kati ya kucha mbili. Ukihisi kukwaruza hata kidogo, kata, funga upya: uzi ndani ya tundu, zungusha mara 5 au 6, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu, lowesha kwa mate, kaza polepole. Fundo lililokazwa likiwa kavu linajichoma lenyewe na kukatika kwa samaki wa kwanza mwenye nguvu.

Anayetaka kambale usiku, kwenye ghuba zenye matope au penye mto unaoingia, aweke chambo chini, kipande cha sambaza au nyungunyungu watatu kwa pamoja. Huko badala ya nati tumia jiwe, lifungwe kwa uzi wa cherehani wa pamba wenye urefu wa sentimita 15. Jiwe likinasa, pamba inakatika, na wewe unarudi na ndoano.

Chambo. Watu wengi wanakuja na fufu (ugali), na fufu ya muhogo peke yake inateleza na kuyeyuka. Chukua fufu iliyopoa, saizi ya yai, kanda na vijiko viwili vya unga wa ngano na matone machache ya mawese mpaka isishike vidole. Ukizidisha mawese, chambo kinaponyoka. Kidonge kiwe saizi ya punje ya hindi, ncha ya ndoano ionekane. Nyungunyungu ni wazuri ila Goma udongo ni mwembamba. Watafute chini ya migomba inayooza na penye taka za jikoni, uwaweke kwenye kopo lenye udongo unyevu kivulini.

Lakini vyote viwili vina wezi. Kivu ina aina 15 za samaki wa Haplochromis zisizopatikana ziwa lingine, wadogo, wengi, wakali, na wengi wao wanapenda fufu na nyungunyungu kuliko tilapia anavyopenda. Tena karibu na uso wa maji kuna yule mwembamba anayeng'aa rangi ya buluu, Lamprichthys, asili yake Tanganyika, aliyeonekana Kivu kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Wao watakumalizia bakuli la chambo kabla tilapia hajasogea.

Dawa yake ni ukoga. Mahali palipovuliwa sana, hiki ndicho chambo tunachokiamini kuliko vyote, na hakina gharama. Tafuta uzi wa kijani kibichi uliokolea, mrefu, laini, unaoota kwenye mawe ya palepale unapovua. Tilapia wa hapo anaula kila siku na hauogopi. Acha ule wa kahawia ulio kama utelezi, haushiki. Nyofoa kiasi cha kujaza kiganja, ufunge kwenye kitambaa chenye maji. Ili kuvalisha ndoano, pitisha nyuzi chache kwenye tundu, zungusha kwenye shina la ndoano mara 3 au 4, bana kwa ncha, uache mkia wa sentimita 2 uchezecheze. Usiviringe kama donge, tilapia anauvuta kwa mdomo kama anavyouvuta kwenye jiwe. Unaanguka haraka, kwa hiyo kila baada ya dakika tano angalia. Miguso itakuwa michache kuliko ya fufu, ila yenye maana.

Kuwaita samaki, pumba za mahindi zilizoloweshwa zinatosha: viganja viwili kwa asubuhi nzima. Dondosha madonge mawili ya saizi ya yai mbele yako, karibu na mguu wako kabisa, kisha nusu donge kila dakika ishirini. Ukimwaga nusu ndoo umewaalika Haplochromis wa mtaa mzima.

Boya likitetemeka papo kwa papo, ni wadogo, usivute. Likisimama kimya halafu likaanza kutembea upande mmoja, polepole, bila kuzama, huyo ni tilapia. Likiinuka na kulala, ni yeye pia, amechukua chambo na kupanda nacho. Inua kiwiko tu, kama unavyoinua kikombe. Kuvuta kwa mkono mzima kunapasua mdomo au kukata uzi wa 0.16. Akishanasa, mgeuze mara moja kuelekea maji wazi, kwa sababu atakimbilia tundu la jiwe, na akiingia humo umempoteza. Mchoshe hapo nje, mlete akiwa amelala ubavu, mtoe kwa kikapu au chungio la jikoni. Kumnyanyua hewani kwa ufito ndiko kunakowapotezea watu samaki wakubwa. Mshike ukianzia kichwani kwenda mkiani ili miiba ya mgongo ilale.

Kuhusu saa: kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2, halafu saa 10 mpaka giza. Asubuhi ndipo mabidoni ya njano yanapofika pia, kwa hiyo kaa hatua 30 au 40 pembeni ya njia ya wachotaji. Penye kuoshea masahani pana siri nzuri: mabaki ya chakula yanawavuta samaki, nao wanarudi nusu saa baada ya watu kuondoka. Usimfukuze mtu. «Mama, nitakaa hapa pembeni mpaka umalize» inafungua mlango. Kwa wavuvi wenzako, uliza kwanza, usipitishe uzi juu ya uzi wa mwingine, na keti. Aliyesimama kwenye jiwe refu anaonekana na kila tilapia aliye mbele yake. Viatu viwe laini, na ukifika tulia dakika kumi bila kutia ndoano majini.

Jambo ambalo mgeni wa Goma halijui: mazuku. Upande wa magharibi, kuelekea Bulengo na Sake, kaboni dioksidi inatoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo, mengine karibu kabisa na maji. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na huwezi kuitegemea pua ikuonye. Hatari ni kubwa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo, yaani saa ileile mvuvi anayoipenda. Ukiona panzi, mijusi au ndege waliokufa kwenye shimo, au majani yaliyonyauka sehemu moja tu, usishuke. Usilale wala kuketi kwenye bonde lolote huko, na usimpeleke mtoto, maana pua yake iko karibu zaidi na chini. Waulize wenyeji, wanayajua mashimo hayo. Mtu akianguka humo, usimfuate wala usiiname. Ita watu, leteni kamba. Kuna wengi waliokufa wakijaribu kumtoa mwenzao.

Katika tilapia utakaowapata, jike anaweza kuwa na mayai au vifaranga mdomoni. Ukiona anavitema, mrudishe majini pamoja navyo haraka, mikono ikiwa na maji. Walio wafupi kuliko kiganja warudi pia. Matumbo usiyasafishie pale watu wanapochota, yafukie mbali na maji, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji yaliyotiwa dawa kabla ya kugusa mkate: kipindupindu hakijawahi kuwa hadithi hapa. Vipande vya nailoni viingie mfukoni, kwani watoto wanatembea pekupeku kwenye mawe hayo.