Bahari haina magamba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Tanga. Muuza vyombo ameniambia kikombe changu cha chai ni cha kauri, na bibi yangu naye huwaita kauri wale konokono wa pwani wenye mgongo wa kung'aa. Ni neno moja au mawili? Tena niseme "kauri hii" au "kauri huyu"? Nauliza kwa sababu ninaandika kazi ya darasani juu ya magamba ya bahari yanayouzwa kwa watalii.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako nitalijibu, lakini siwezi kuliruka hilo uliloliandika mwishoni: "magamba ya bahari". Limenifuata kwenye vitabu vya watoto, kwenye vipindi vya televisheni, na sasa limeingia chuoni. Aliyelitunga alikuta neno la Kiingereza lenye vipande viwili, "seashell", akatafsiri kipande cha kwanza, akatafsiri cha pili, akazima taa akalala. Hakushuka pwani kuuliza.

Gamba lina wenyewe. Samaki ana magamba, mamba anayo, kobe analo, nyoka analo. Mwambie muuza samaki akutolee magamba, atachukua kisu aanze kuparua changu wako. Hatakuletea kombe. Mwaka 2011 Chama cha Mapinduzi kiliposema "kinajivua gamba", Mtanzania gani alihitaji kufafanuliwa? Sote tulimwona nyoka akiliacha lile kuukuu na kwenda zake na jipya. Sasa mvue kauri nyumba yake uone kama ataota nyingine. Ile hukua naye tangu udogo, na ukimtoa humo umemuua.

Halafu hiyo "ya bahari"! Bahari imevaa nini hata iwe na magamba? Niliwahi kusimama mbele ya duka la zawadi lenye kibao kikubwa: "Magamba ya bahari yanapatikana hapa". Nikaingia kwa hasira. Juu ya meza kulikuwa na vitu vya aina saba au nane, na kila kimoja nilikijua kwa jina. Nikanyanyua kimoja kikubwa chenye madoa meusi nikamuuliza kijana muuzaji, hiki nini? Akajibu papo hapo: "Hilo dondo, mzee." Na hiki kidogo cheupe? "Kauri." Na haya mapana? "Makombe hayo." Hakukosea hata mara moja. Nikamwonyesha kile kibao. Akasema kiliandikwa na mtu wa matangazo kutoka mjini. Kinachoniumiza ni hicho: mwenye lugha yuko ndani ya duka anaijua vizuri, na mlangoni pametundikwa lugha ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga mwamba maji yakiwa yametoka.

Maana majina hatuna uhaba nayo. Kauri ndilo la ukoo mzima. Dondo ni yule mkubwa wa madoadoa, ambaye mafundi cherehani wa zamani walimtumia kulainishia mshono, na nguo iliyotiwa wanga ikang'aa tunasema imepigwa dondo. Kuna kululu, ndiyo maana aliyekosa alichokifuata tunasema kaambulia kululu, yaani ganda tupu. Kuna kete, ambayo imehamia kwenye bao, na siku hizi magazeti yameitia kwenye habari za dawa za kulevya. Kuna simbi, neno lililoshika zaidi bara. Na kama unataka jina la kuwakusanya wote pamoja na chaza na kome, wazee walisema kombe za pwani.

Hivi si vitu vya kuitwa kwa jina la kubahatisha. Katikati ya karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Hamburg zilipakia kauri Unguja, wale wadogo wenye duara la rangi ya chungwa mgongoni, zikawapeleka Afrika Magharibi ambako walitumika kama fedha. Walipelekwa wengi mno hata thamani yao ikaporomoka. Waganda mpaka leo pesa huziita ensimbi. Sarafu ya Ghana, cedi, iliyoanzishwa mwaka 1965, imepata jina lake katika neno la Kiakan la kitu hichohicho.

Basi, swali lako. Ni neno moja, na lilitufikia kutoka Bara Hindi, ambako Kihindi husema kauri. Kikombe kimelipata kwa sababu ya mng'ao. Kauri akiwa hai, nyama yake hutoka nje ikalifunika ganda lake pande zote na kuliongezea tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo mgongo huwa laini bila kuguswa na msasa. Aliyekufa akasuguliwa na mchanga hufifia, basi yule anayemeremeta dukani mara nyingi alitolewa baharini akiwa mzima. Hilo litie kwenye kazi yako. Waitaliano nao waliona mfanano huohuo: porcellana lilikuwa jina la kauri kabla ya kuwa jina la vyombo vya Kichina.

Upatanisho haukupi shida ukimtazama mwenyewe. Anayetambaa mwambani usiku ni kauri huyu, na wenzake ni kauri hawa. Iliyobaki mkononi mwa bibi yako ni kauri hii, na zikiwa nyingi, kauri hizi. Kikombe ni cha kauri. Chenyewe hakiitwi kauri. Nikikuta "ganda la konokono wa baharini" katika kitabu cha sayansi huwa navumilia, maana walau ganda limerudishwa kwa mwenyewe.

Na kazi yako, kama hujaikabidhi, ifungue pale penye yale magamba uandike kombe za pwani.