Dume wa kunenepesha: ya kujua kabla hujaenda mnadani

Madume yangu sita ya kwanza yalinona mpaka wapita njia wa Igurusi wakawa wanasimama kuyatazama. Nilipouza na kukaa chini na daftari, nikakuta hela imeishia kwa wenye mashine za kukoboa walioniuzia pumba. Niliwalisha miezi mitano, kwa raha ya kuwaona wanang'aa. Wewe unayeanza, kamata jambo hili mapema: hatuuzi ng'ombe mnene, tunauza kilo alizoongeza, na kila kilo ina gharama yake.

Wengi wanaonipigia simu huanza na banda. Banda halina makuu: uzio imara, kivuli, hori la mbao, sakafu yenye mwinuko ili mkojo utiririke. Anza na madume watatu.

Fikiria zaidi siku ya kununua. Mimi huenda mnadani Oktoba na Novemba, nyasi za bonde letu la Usangu zikiwa zimekauka na ng'ombe wamebaki mbavu. Aliyekondeshwa na njaa, akipata chakula, hurudisha mwili upesi, na kilo za mwezi wa kwanza ndizo za bei rahisi kuliko zote. Funua mdomo uone meno: mawili hadi manne ya kudumu, yaani umri wa miaka miwili hadi mitatu hivi. Tafuta mifupa mirefu na mgongo ulionyooka. Maksai mzee aliyechoka kulima mwachie mwingine, hata dalali akikuapia kwa mama yake.

Lakini kuna kukonda kwa njaa na kukonda kwa ugonjwa, na tofauti hiyo niliilipia. Dume mmoja nilimchukua haraka kwa sababu alikuwa na kidevu kimejaa, nikadhani bado ana akiba ya mafuta. Wiki tatu anakula, haongezeki. Bwana mifugo alipokuja, alibonyeza uvimbe ule chini ya taya kwa kidole gumba, akaniita nitazame. Shimo la kidole lilibaki palepale, kama kwenye unga wa maandazi uliokandwa. Akafunua kope: ndani nyeupe pe. "Haya si mafuta, mzee, ni maji," akasema. Minyoo bapa ilikuwa imeshika ini. Ng'ombe wa mabonde yenye majimaji huipata malishoni, kwa sababu vijidudu vyake hukulia kwenye konokono wadogo wa majini. Tangu siku ile sinunui kabla sijafunua kope na kupapasa chini ya taya. Na kila anayeingia zizini anapewa dawa inayoua minyoo bapa pia, si ya minyoo ya kawaida peke yake. Soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Kuogesha na chanjo, mfuate bwana mifugo wako, usibanie hapo.

Sasa chakula. Mabua ya mpunga huku kwetu Mbarali watu huyachoma baada ya kuvuna. Yakusanye mapema, uyafunike yasinyeshewe. Ukipata mabua ya maharage kutoka milimani, hayo ni bora zaidi. Mabua hushibisha tu, kilo zinatoka kwenye mchanganyiko. Wangu wa kilo 100 huwa hivi: pumba za mahindi 50, pumba laini za mpunga 20, mashudu ya alizeti 27, chokaa ya mifugo 2, chumvi 1. Ile chokaa usiione ndogo. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na dume anayezila sana bila chokaa, tena akinywa maji kiduchu, anaweza kupata mawe ya mkojo. Ukimwona anajikamua na mkojo hautoki, usingoje kesho.

Kwenye pumba za mpunga ndipo wageni wanapoliwa. Gunia ni lilelile, ndani kuna maganda yaliyosagwa, ambayo yanafaa zaidi kuchomea matofali kuliko kulisha mnyama. Ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, minya kiganjani. Pumba laini hushikana na kukuachia mafuta kidogo, maganda hukwaruza na kutawanyika. Nunua za wiki mbili tatu tu, maana mafuta yake huchacha na ng'ombe akinusa anageuka.

Usimwanzishie yote siku moja. Tumbo lililozoea nyasi kavu likimwagiwa pumba ghafla huchachuka, na mnyama anaweza kufa. Mimi huanza na kilo moja, naongeza taratibu kwa wiki mbili hadi afike kilo tano, nikigawa asubuhi na jioni, na mabua yasikosekane. Maji yawepo muda wote. Lita 40 kwa siku si ajabu, na msimu wa joto hupita hapo.

Turudi kwenye daftari. Tuseme mchanganyiko unakugharimu shilingi 400 kwa kilo: kilo tano ni 2,000, weka 500 ya mabua na kibarua. Siku moja 2,500. Akiongeza gramu 800 kwa siku, kila kilo imekugharimu 3,125. Kama mnunuzi anatoa 4,000 kwa kilo ya ng'ombe hai, unacheka. Lakini akishaanza kujaza mafuta, ongezeko hushuka. Likifika gramu 500, kilo ileile imekugharimu 5,000, na kila asubuhi unayoamka kumjazia hori unamlipa mchinjaji. Mimi sasa nauza kati ya siku 80 na 100, hata kama jirani anasema bado.

Mzani si lazima. Asubuhi kabla hajala wala kunywa, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimeta, uuzidishe kwa wenyewe, kisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, ugawe kwa 10,840. Kifua 150 na urefu 120 vinakupa kilo 249 hivi. Ni makadirio, ila ukipima kila wiki mbili utaona ongezeko linavyopungua kabla hela haijapungua. Futi ya fundi cherehani huishia sentimeta 150, na dume aliyekubali chakula huipita. Nunua mbili uziunganishe kwa uzi.